Mama wa Dirishani na Taa za Shuleni

Yule mama wa dirisha la kumbukumbu pale halmashauri ana miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na bado anatafuta ya tatu. Anakula matango ya siki kwenye chupa, halafu analamba kidole, anafunua faili. Karatasi zote za serikali mjini kwetu zinanuka siki.

Nilimwendea nimechemka. Pruitt, diwani wetu anayegombea ubunge wa jimbo, kabandika mabango kwenye kila nguzo kwamba alipigania taa za kuvukia shuleni. Taa zenyewe hazipo, na mdogo wangu Darlene kila asubuhi anavuka pale mbio kama kuku.

"Si mwongo huyu? Sema tu, mama."

"Punguza sauti, kijana. Jaza fomu."

Nikajaza. Akanipa muhtasari wa kikao cha madiwani, kauandika mwenyewe: taa zilikosa kura moja tu zipite, na Pruitt hakupiga kura kwa sababu alitoka kuhamisha gari lake, lilikuwa limeziba bomba la zimamoto.

Nilicheka mpaka nikashikilia dirisha. "Kwa hiyo ni mwongo?"

"Mimi niliandika saa aliyotoka na saa aliyorudi. Tango?"

Jioni kwenye mdahalo wa wagombea mama alikaa mstari wa mbele, chupa mapajani. Pruitt akaanza, "Taa zile mimi nilizipigania..." Mama akashusha miwani ya kichwani, akafungua daftari, akalamba kidole.

Pruitt akaliona daftari. "Nilikuwa nahamisha gari," akasema. "Zikirudi mezani, nitapiga kura."

Mama akatazama saa, akaandika.