Sir Roni na Daftari Lake

Harufu ya kanji ikikutana na pasi ya moto hunirudisha Bur Dubai, kwenye duka la kufulia nguo alikofanya kazi mama. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikitoka shule nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta na kumtafsiria, maana Kiingereza chake hakikuvuka mashati na suruali.

Hapo ndipo tulipomjua Roni, Mwingereza wa makamo aliyepanga chumba ghorofa ya juu. Mama alimwita Sir Roni, naye alicheka kila mara. Babake alikuwa fundi bomba, na yeye mwenyewe alibandika vigae kabla ya kuwa mwigizaji. Kwao, alituambia, lafudhi yake ya mtaani ilimpatia nafasi za aina mbili tu: mwizi na mlevi. Mara moja alipandishwa cheo, akawa mwizi mlevi. Alipochoka akaja Dubai kufundisha watoto maigizo, na alasiri akawa anaandika filamu yake mwenyewe katika daftari la shule, kuhusu fundi bomba na mkewe aliyemkimbia. Alinisomea kila kipande, akibadilisha sauti kwa kila mtu, huku mvuke wa pasi ukitufunika. Darasani nilikaa nikiwaza kama yule mke atarudi.

Ijumaa moja aliingia mikono mitupu, bila daftari. Kakake alikuwa amempigia simu: mama yao mgonjwa, na kazi ya vigae ipo inamngoja. Kulikuwa na kampuni iliyokubali kuisoma filamu akiimaliza, lakini alijua akirudi kwao daftari lile halitafunguliwa tena.

"Muulize mama yako," akaniambia, "angekuwa mimi angefanyaje?"

Mama hakufikiri sana. "Mwambie ende kwao. Kuandika ataandika hata huko. Akamuone mamake."

Nami nilitaka kujua mwisho wa hadithi. Nikamgeukia Roni, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule kwamba mama anasema amalize kwanza.

Aliushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili, akapanda juu kuandika.

Wiki ya tatu zikaja habari kwamba mamake amefariki. Aliondoka siku ileile bila kutuaga, daftari likiwa limejaa hadi ukurasa wa mwisho.

Filamu ilitengenezwa. Roni mwenyewe ndiye aliyeigiza fundi bomba, kwa lafudhi yake ileile, na tangu hapo hakuitwa tena kuigiza mwizi. Aliandika nyingine, na nyingine. Kila nilipoona jina lake nikisoma habari kwenye simu, nilifurahi, kisha nikaizima.

Mwaka jana alinitafuta, akaniandikia: nimwambie mama kwamba ushauri wake siku ile ndio uliomfanya mwandishi. Nilishindwa kuutafsiri ujumbe huo. Nikamweleza mama nilichofanya.

"Najua," akasema. "Neno finishi wateja waliniuliza kutwa: nguo finishi?"

"Mbona ulinyamaza?"

"Niliutazama uso wake. Alikuja kutaka ruhusa ya kubaki, na wewe ulishampa. Sikuwa na moyo wa kumnyang'anya."

Utotoni nilidhani watu wazima husikia kile tu ninachowapa. Kumbe siri niliyoibeba miaka yote, mama alikuwa ameishika upande wa pili, akiningoja niseme.

"Umemjibu?" akauliza.

"Bado."

"Mjibu. Kwanza mpe pole ya mamake. Hatukuwahi kumpa."