Mama Kipimo na Magari Yaliyoinuliwa

Saa mbili asubuhi, Mama Kipimo amelala chali chini ya gari jeupe, kifaa cha kupimia pembe mkononi, jicho moja amelifumba. Mwenye gari, muuguzi anayezunguka vijijini na chanjo, amesimama pembeni akijikanda mabega.

Gari hilo liliinuliwa inchi tatu lipate kuvuka mawe na madimbwi. Tangu hapo, muuguzi anasema, likishika barabara nzuri linayumba kama mlevi, na jioni mikono yake haina nguvu hata ya kushika kikombe.

"Wamekuwekea springi ndefu, wakakuaga," fundi anamjibu kutoka uvunguni. "Gari likipanda, ekseli ya mbele inajipindua kidogo na kusogea upande. Ukikata kona, usukani hauna tena hamu ya kurudi katikati. Ndiyo maana mnapigana, wewe na usukani."

Dawa yake haitaki haraka. Anafungua vyuma vinavyoishika ekseli, anapachika bushi, vipete vya mpira vyenye tundu la pembeni, ili ekseli irudi kwenye pembe yake, kisha anarefusha fimbo inayoizuia isiende kando. Anapima, anakaza, anapima tena. Wateja wasio na subira ndio waliompa jina.

Zamani hakuwa hivyo. Miaka kumi na mmoja iliyopita aliinua gari la mumewe, dereva wa wapima ardhi, akalionea fahari mtaa mzima. Mume alimwambia usukani umekuwa mwepesi mno. Yeye akamjibu kwamba atauzoea.

Wiki ya tatu, kwenye kona ya mteremko, usukani ulikatwa na haukurudi; gari likaanguka. Mume alilazwa miezi saba, akatoka na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake.

"Nilikuwa nasubiri anitukane," anasema Mama Kipimo, akijifuta vidole kimoja kimoja. "Siku alipoweza kuzungumza, aliniuliza kama nimekula."

Siku hiyo Mama Kipimo alitoka wodini akalia mpaka akakaukiwa machozi. Mume aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mkewe alikwenda kwa fundi mstaafu, akamwomba amfundishe upya, kuanzia mwanzo, kama mtu asiyejua spana.

Siku hizi gari haliondoki gereji kabla mume hajalipanda. Hajagusa usukani tangu ajali. Hukaa kiti cha abiria, akilisikiliza kwa mgongo. Akisema bado linavuta kushoto, mkewe hurudi uvunguni bila ubishi.

Alasiri hii anayeendesha ni muuguzi. Anakata kona, analegeza vidole, na usukani unajirudi taratibu katikati. Anarudia mara tatu. Mara ya tatu anacheka huku machozi yakimlengalenga, na mume wa fundi, aliye kando yake, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Uani kuna gari jingine, lile lile lililoanguka. Mama Kipimo amelifufua kwa miaka sita, kipande kwa kipande, na mwezi uliopita alimaliza kulipima. Binti yao amewazalia mjukuu wa kwanza, anaishi mbali, na njia ya huko ni mashimo matupu. Wanataka kufika kabla ya mvua.

Muuguzi anamuuliza Mama Kipimo nani ataendesha. Fundi anainama, anajifanya anatafuta spana.

"Mimi," mumewe anasema. "Fundi wangu namjua."