Marehemu Wetu wa Saa Kumi na Moja na Nusu

Shangazi yangu alikuwa opereta wa simu hospitalini kwa miaka ishirini na minane, na sidhani kama katika miaka hiyo alimkatia simu mtu hata mmoja, wakiwemo waliostahili kabisa kukatiwa. Alikaa kwenye kichumba kisicho na dirisha nyuma ya mapokezi, mbele ya swichibodi yenye vitaa vya kumetameta, hedifoni kichwani, na ukutani kalenda ya mwaka uliokwisha pita ambayo hakuitoa kwa sababu aliipenda picha yake. Mji mzima ulimjua kwa sauti. Tukienda sokoni, muuza vitunguu angesikia tu "naomba kilo moja" akaiacha mizani ikining'inia. "Wewe si yule mama wa hospitali?" Siku hiyo Shangazi angetembea kama aliyepandishwa cheo.

Kisha hospitali ikafunga mtambo mpya. Ukipiga, sauti ya kurekodiwa inakwambia ubonyeze moja kwa wodi, mbili kwa maabara, tatu kwa famasia, na ukishabonyeza zote inakurudisha kwenye moja. Shangazi akapewa saa ya ukutani, hotuba fupi, na ruhusa ya kupumzika miaka miwili kabla ya wakati wake. Kupumzika hakuomba.

Mimi ndiye niliyekuwa naishi naye, kwenye chumba chake cha nyuma, kwa hiyo ni mimi niliyemwona akipungua. Si mwili, maana kula alikula. Alipungua maneno. Mtu aliyekuwa anajua kumtuliza baba mzima anayelia kwenye simu alianza kunijibu "mm". Simu ya nyumbani ikilia aliirukia kabla ya mlio wa pili, na mara nyingi alikuwa mtu aliyekosea namba. Alimsaidia kuitafuta iliyo sahihi, akamtakia siku njema, halafu akakaa tena akitazama ile saa waliyompa.

Mimi nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kujalidi vitabu, na jioni nikirudi nacheza mchezo wa vita vya angani kwenye kompyuta. Timu mbili, vyombo vinne kila upande, mnarushiana moto katikati ya mawe makubwa huku mnaongea na wenzenu kwa hedifoni. Timu yetu iliongozwa na Nahodha, ambaye mchana ni fundi wa majokofu. Alikuwepo Mwalimu, anayefundisha hesabu na kila siku anakosea kuhesabu risasi zake. Na mimi, ambaye kwa ajili ya kazi yangu waliniita Gundi. Sikuwa nimewahi kuwaona ana kwa ana, lakini nilijua kikohozi cha kila mmoja. Wa nne wetu alipopata kazi ya zamu akatuacha, nikasema ninaye mtu.

"Anacheza?" Nahodha akauliza.

"Anaongea," nikajibu.

Alikubali kwa shingo upande. Kulikuwa na rubani mwingine hodari, fundi umeme anayeitwa Radi, aliyekuwa anaitamani nafasi hiyo. Nahodha akasema Shangazi ajaribiwe mpaka mashindano ya mwisho wa mwezi, baada ya hapo tutaamua.

Nikamwekea kompyuta yangu ya zamani kwenye meza ya chakula, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta, na nikaanza kumfundisha lugha. Kinga ya chombo inaitwa chandarua. Anayekung'ang'ania nyuma akikupiga ni kupe. Chombo kinachowakarabati wenzake ni nesi, na hicho ndicho nilichompa, kwani nilijua hataki kumpiga mtu. Anayetoka kabla pambano halijaisha ni mtoro, na jina lake linakumbukwa. Mkimaliza, hata kama mmechapwa vibaya, mnawaandikia wapinzani "pambano zuri". Yote hayo aliyaandika kwenye daftari kwa mwandiko wa kazini.

Lakini sheria kubwa ni ya marehemu. Chombo chako kikilipuliwa, mzoga wake unabaki ukielea pale pale, na wewe unabaki ndani yake ukitazama kinachopita mbele yako hadi raundi iishe. Tangu hapo wewe ni marehemu, na marehemu unanyamaza. Mchezo wenyewe haukuzuii, wenzako wanaendelea kukusikia kama kawaida. Ni adabu tu inayokufunga mdomo, kwa kuwa si haki wafu wawapelelezee walio hai. Marehemu anayesema anaitwa mzimu, na hakuna tusi kubwa kuliko hilo katika mchezo wetu mzima.

Jioni ya kwanza Shangazi alifungua laini kwa kusema, "Habari za jioni, nawasikiliza." Mwalimu akamwamkia. Shangazi akaitika, akamuuliza za nyumbani. Walipofika kwenye za watoto alikuwa ameshalipuliwa, dakika ya pili, akiendelea kusema haloo, haloo.

"Shangazi," Nahodha akamwambia kwa upole wote aliokuwa nao, "wewe ni marehemu."

Kisha tukamsikia: "Asante kwa kunijulisha. Basi ngoja nikaangalie jiko."

Nilicheka mpaka nikagonga jiwe.

Sitatia chumvi, hakuwahi kuwa rubani mzuri. Aliwaomba radhi maadui kabla ya kuwapita. Ila saa kumi na moja na nusu ikikaribia alikuwa ameshafuta meza, ameshapaka mafuta midomo, na amekaa wima mbele ya ile kompyuta kana kwamba zamu inaanza. Akawa anajua mke wa Nahodha anaumwa mgongo na Mwalimu ana mtihani wa kusahihisha. Siku niliyochelewa kurudi nilimkuta anawaambia, "Gundi yuko njiani, msikate." Na asubuhi akaanza tena kunigombeza kwa sentensi nzima. Nilimpenda kwa hilo, na niliogopa mashindano kuliko yeye.

Yakafika, Jumamosi alasiri. Tulipita timu mbili, Mungu tu anajua vipi. Katika pambano la mwisho tukashinda raundi moja, tukapoteza moja, ikabaki ya kuamua. Nahodha akalipuliwa mapema. Mwalimu akaishiwa risasi, bila shaka, akalipuliwa. Shangazi akanifuata na nesi yake, akaziba matundu yangu yote, na alipokuwa ananizibia la mwisho akapigwa yeye. Nikamlipua aliyempiga. Nikabaki mimi na adui mmoja, naye hakuonekana popote.

Nilizunguka taratibu, roho mkononi. Alikuwa amezima injini akajificha. Niliangalia nyuma ya mawe, sikuona kitu. Upande wa kushoto ulikuwepo mzoga wa Shangazi, unaelea.

Ndipo Nahodha, marehemu mzima, akafungua mdomo. "Shangazi, wewe ndiye uko karibu na Gundi. Unaona kitu?"

Nahodha akasubiri, kisha akashusha sauti.

"Shangazi, sema tu ndiyo au hapana. Nani atajua?"

Nilimsikia akipumua. Nami, nikiwa hai na akili zangu, nikauliza, "Shangazi, yuko hapo?" Hakujibu. Nikajiambia kwamba angekuwepo, asingevumilia kuniona nakufa, maana ni mimi. Nikaupa mzoga wake kisogo. Adui akatoka nyuma yake palepale, akanipiga mara tatu, na yakaisha.

Nahodha alivuta pumzi ndefu. "Jumatatu tutaongea kuhusu nafasi," akasema, akatoka. Shangazi akawaandikia wapinzani "pambano zuri" kwa vidole viwili, herufi moja moja. Nilizisikia kupitia ukuta.

Nilivua hedifoni nikaenda sebuleni nimefura.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alikuwa wapi?"

"Mbele yangu. Kama wewe hapo ulipo."

"Na ukanyamaza! Shangazi, wanakutoa kwa hili! Unaelewa kwamba wanakutoa? Utarudi kukaa hapa unatazama saa!"

"Nimeelewa tangu alipouliza," akasema. Aliitazama ile saa, na mimi, Mungu anisamehe, sikukoma.

"Ni mchezo tu!"

Akaanza kuzungusha waya wa hedifoni vizuri, kama alivyofanya kila jioni. "Siku ya babu yako sikusema," akasema. "Sembuse leo."

Hapo nilikaa.

Nilikuwa na miaka minane. Simu ya nyumbani ililia mchana, nikaipokea mimi. "Haloo, hospitali hapa," ilisema sauti ya Shangazi. "Umeshakula? Haya, mpe baba simu, mwanangu, kuna daktari anataka kuongea naye." Daktari alikuwa anatoa taarifa kwamba babu amefariki. Babu yangu, yaani baba yake yeye. Daktari alikuwa mgeni, hakujua kwamba opereta aliyemwomba namba ni binti wa mgonjwa. Lakini opereta alijua wodi iliyopiga, alijua ni namba ya nani, na alijua wodi ile hupiga nyumba za watu kwa sababu gani. Kutoa habari si kazi ya opereta. Akaunganisha, akaondoa sikio lake kwenye laini, akaendelea kupokea simu za watu kwa saa nzima, mpaka baba yangu alipofika kumwambia kitu alichokuwa anakijua tayari. Hadithi hiyo ilisimuliwa katika familia yetu, na nilikuwa nimeisikia mara nyingi. Nilikuwa naisikia kama habari ya kazi.

Nilimwomba msamaha. Akaniambia nikaoge, nina uso wa mtu aliyetoka kupigana.

Jumatatu, saa kumi na moja na robo, meza haikufutwa. Alikuwa jikoni anaosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Nilimwambia kama ni kutolewa, atolewe akiwa kwenye laini, si akiwa kwenye sinki. Akaja, bila mafuta ya midomo, akavaa hedifoni.

"Habari za jioni," akasema. Hakusema anasikiliza.

"Shikamoo Shangazi," akaitikia Nahodha. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya siku mbili. "Jumamosi kwenye timu hii alisema mzimu. Mzimu ni mimi. Mke wangu kanisema mpaka leo asubuhi, na ana haki. Anayesema akiwa amekufa anakaa nje, ndiyo adabu ilivyo. Radi yupo hapa, atachukua nafasi. Yangu. Wiki nzima."

"Na mimi nilimuuliza marehemu," nikasema.

"Wewe Gundi ulikuwa hai, wewe ni mjinga tu," akasema Mwalimu, na wote tukacheka, na katika kicheko hicho nilimsikia Shangazi akipenga kamasi.

"Nawasikiliza," akasema.

Tukaanza. Mimi ndiye niliyelipuliwa wa kwanza, kwa sababu nilikuwa nafuta macho. Radi akaondoa wawili peke yake kabla hajaanguka, Mwalimu akaondoa mmoja, naye akaishiwa risasi kama kawaida, akalipuliwa. Akabaki hai Shangazi na kinesi chake, na adui mmoja. Na yule adui akaja polepole, akazima injini, akajibanza nyuma ya mzoga wangu.

Nilimwona waziwazi. Nilimwona na Shangazi pia akija, taa zake zote zimewaka, anatafuta huku na huku, anaelekea kwangu moja kwa moja. Hata kusema kusingehitajika. Ukuta ulikuwa kiganja kimoja kutoka begani kwangu, na ngumi moja ingetosha, na asingejua mtu yeyote duniani isipokuwa sisi wawili. Niliukalia mkono wangu. Akasogea. Akasogea tena. Nikauma waya wa hedifoni mpaka akapigwa.

Akaandika "pambano zuri", herufi moja moja. Kisha nikasikia kiti kikisukumwa, akaja kusimama mlangoni kwangu, hedifoni shingoni.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Iliuma?"

"Sana." Waya wa hedifoni ulikuwa na alama za meno yangu, kwa mchezo wa kompyuta. "Nilidhani wewe ulishazoea, Shangazi. Miaka yote ile."

"Huzoei," akasema. "Unanyamaza tu."

Akanigusa kichwani, akarudi haraka mezani, kwa sababu raundi ya pili ilikuwa inaanza na hapendi kuwasubirisha watu kwenye laini.