Siku Akina Mama wa Kipungani Walipoihesabu Filamu Yangu

Haya, nitawasimulia, lakini mcheke polepole, kwa sababu aibu niliyoipata Kipungani haijapoa, na kila nikidhani imepoa shangazi yangu huipasha moto kwa simu.

Mnajua nilisomea filamu chuoni Mombasa. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa na sehemu mbili: filamu fupi, ambayo nilikwisha kuipiga huko huko Kipungani kwao baba, juu ya akina mama wanaosuka mikeka, na somo la kuwafundisha watu kuitazama televisheni kwa jicho la kuuliza. Mwalimu wangu, Dakta Nduku, alivuka kwa boti aje anione nikifundisha na aniwekee alama pale pale.

Basi baada ya sala ya adhuhuri tukajazana kwenye darasa la shule ya msingi, madirisha tumeyaziba kwa leso, shuka jeupe ukutani, akina mama kama thelathini kila mmoja na ukili wake mkononi, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka (wao hawaketi bure, hata harusini). Nikaanza kwa madaha. Nikasema kamera ni jicho, na jicho lina mwenyewe, kwa hivyo kila mkitazama tamthilia ulizeni: nani anatazama, nani anatazamwa, nani anasema na nani anasemewa? Nikawagawia vipande vya miyaa, yale makuti membamba ya kusukia. Mwanamke akisema, weka kimoja kulia. Mwanamume akisema, weka kushoto.

Bi Zena akauliza, "Na akilia tu?"

"Kulia si kusema, Bi Zena."

"Basi kwenye tamthilia zenu kulia kutakuwa kutupu."

Dakta Nduku akacheka, nami nikaona alama zinapanda.

Sasa flashi yenye tamthilia niliyopanga kuwaonyesha ikakataa kufunguka. Nikaichomoa, nikaipuliza, nikairudisha, wapi. Ningeweza kusema tuzungumze tu. Lakini nikajiambia, si nina filamu yangu mwenyewe kwenye kompyuta? Wataiona, watafurahi, na mwalimu ataona somo na kazi kwa pamoja. Uamuzi wa sekunde mbili, jamani.

Nikaiwasha. Muziki wa fidla ukaanza, mikono ikasuka, nyayo zikaonekana, migongo ikapita. Kisha akatokea Bwana Athman, mnunuzi wa mikeka, akasema. Akasema tena. Akaeleza asili ya mkeka, uzuri wa mkeka, subira ya mwanamke (yeye ambaye hajawahi kusuka hata kifagio). Vipande upande wa kushoto vikawa kichaka. Upande wa kulia, uwanja mtupu.

"Rukia," Bi Zena akaita, "yule mbuzi jike aliyelia, tumhesabu?"

Darasa likapasuka. Nikakimbilia kompyuta niizime, na kwa kiherehere nikabonyeza pasipofaa, sauti ikapanda hadi mwisho, na sauti yangu mwenyewe, nyororo kama ya msoma habari, ikavuma: "Wanawake hawa hawana sauti."

Miyaa ikasimama mikononi. Kwenye shuka alikuwa shangazi yangu, Bi Mwanaesha, mdomo unakwenda, fidla inalia juu yake.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hapo mbona kanwa laenda na sauti haitoki?"

"Niliweka muziki, shangazi."

"Kwa hivyo sina sauti, au umeizima wewe?"

Bi Zena akadakia, "Nasi siku ile tulitia wanja! Yeye akapiga nyayo. Nyayo zangu zimepasuka mwaka mzima, ndizo alizozitaka!"

Nilitoka jasho mpaka mtandio ukanata. Nikitaka kujiokoa nikasema, la, sauti zenu ninazo zote, nimezihifadhi, ngojeni niwasikilizishe! Nikafungua ile picha ya mwanzo, kabla sijaikata wala kuitia muziki. (Ukweli sikuwahi kuisikiliza. Nilijua nitaweka muziki, ya nini kusikiliza?)

Shangazi kwenye shuka akasema wazi wazi: "Mtoto huyu tangu asubuhi amekalia ukili wangu wa mkeka wa harusi."

Sauti ya Bi Zena ikajibu: "Mwambie basi."

"Naona haya. Mwambie wewe."

"Mimi si shangazi yake."

Kisha nikajiona mimi mwenyewe nikiinuka, nikipita mbele ya kamera kwa maringo, na nyuma ya buibui langu umening'inia ukili, mrefu, unaburura mchangani kama mkia. Nikatokomea nao. Siku ile kijiji kizima kilinitabasamia, nami niliandika daftarini kwamba watu wa Kipungani ni wakarimu kwa wageni!

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Dakta Nduku alikuwa ameinamisha kichwa juu ya dawati, mabega yanatetemeka. Alipoinuka alijifuta machozi akasema, "Rukia, somo umelifundisha, tena wamelishika vizuri kuliko wewe. Hii ya pili ndiyo filamu. Ile ya kwanza ni tangazo la Bwana Athman. Nenda ukaianze upya."

Nilitaka kulia, lakini shangazi alishasogea karibu na kompyuta. "Ndoo hapa," akaniita. "Nionyeshe unakata wapi."

Wiki tatu tulikaa tukiihariri, mimi nabonyeza, wao wanaamuru: hapa niache niseme, hapa funika uso wangu, hapa mtoe Athman, hapa mrudishe kidogo asikasirike. Mkia wangu waliukatalia katakata usiondolewe. Nikafaulu, tena vizuri, na siku tuliyoionyesha, Bi Zena alijisikia akisema akapiga kigelegele katikati ya maneno yake mwenyewe, ikabidi turudishe nyuma tusikie alichosema.

Lakini nimeapa, wallahi: sitasema tena kuwa mtu hana sauti kabla mimi sijanyamaza.