Bei ya Wagonjwa

Ukimkuta Mama Sponji kibarazani kwake, misumari midogo imejaa mdomoni na kochi la watu limepasuliwa tumbo mbele yake, usitarajie salamu ndefu. Atakuitikia kwa kichwa. Miaka ishirini na mbili anayavisha makochi nguo mpya, na jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho tu. Hana makuu, wala hana ugomvi na jirani. Lakini mtajie nyumba za wageni zilizo nyuma ya hospitali kubwa, misumari itatoka mdomoni bila koleo.

Kisa ni mama mkwe. Mama wa mumewe ana maradhi ya figo, na kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, hutakiwa kliniki ya hospitali hiyo, katika mji mwingine, safari ya saa saba kwa basi. Namba za foleni hugawiwa alfajiri. Ukifika jua limechomoza, umekwisha. Kwa hiyo lazima walale huko tangu Jumatatu. Mume ni dereva wa lori, barabara inamjua kuliko nyumba yake, basi safari ikawa ya mke. Hakunung'unika. Bibi huyo ndiye aliyembebea watoto mgongoni wakati yeye anajifunza ufundi.

Kutafuta chumba cha bei nafuu alikuwa na njia yake. Wapiga debe wa stendi hakuwauliza, maana hao hukupeleka kunakowalipa wao. Alikwenda kwa miguu yake, akaomba kuona chumba kabla ya kutajiwa bei, kisha akabonyeza godoro kwa kiganja. Godoro zima huinuka hujamaliza kuhesabu mbili. Likichelewa, limechoka. Lisipoinuka, limekufa.

Jumatatu moja, saa tisa alasiri, alibonyeza godoro mbele ya mwenye nyumba, bwana mmoja mnene mwenye sauti laini kama mafuta. Nyumba mbili za mwanzo zilikuwa zimejaa, na mama mkwe alikuwa anaburuza miguu iliyovimba.

"Hili ni marehemu, kaka," alisema Mama Sponji. "Ubavu huu umezama utadhani alilala kiboko. Na wewe unataka bei ya godoro hai?"

"Dada, mdomo wako utanifungia biashara!" Bwana akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Haya, lete elfu kumi, yaishe."

Wakashuka mapokezi kuandikisha. Daftari lilikuwa na safu ya jina, safu ya utokako na safu ya sababu ya safari. Hapo Mama Sponji akaandika "biashara". Hakuandika kwa kupenda uongo. Alikwishaambiwa na wenzake wa kliniki kwamba mtaa ule neno "hospitali" lina bei yake. Kosa lake lilikuwa moja: hakumwambia mama mkwe. Angemwambiaje? Mke wa mtoto amfundishe mama mkwe kudanganya? Heshima ilimziba mdomo.

Bibi akavaa miwani, akainama juu ya daftari. "Umeandika nini hapa?"

"Biashara, Mama."

"Biashara gani? Mimi nauza nini, figo?" Akatoa kadi yake ya kliniki kwenye bahasha ya kaki, akaiweka mezani. "Andika hospitali, baba. Kadi yangu hiyo, ina hata picha."

Kicheko cha mwenye nyumba kikakatika. Akaigeuza kadi. "Aa, kumbe watu wa kliniki. Pole sana, Mama, Mungu akupe afya. Basi itakuwa elfu ishirini."

"Ishirini?" Mama Sponji aliruka. "Si tumepatana kumi sasa hivi?"

"Hiyo ni ya wafanyabiashara, dada. Wagonjwa wana mambo mengi. Shuka, maji, usumbufu. Na kesho Jumanne, vyumba vinagombaniwa."

"Kwa hiyo godoro limefufuka?"

Kwenye benchi la mapokezi alikaa mzee mmoja mwenye bandeji mkononi, mgonjwa wa figo naye. "Lipa tu, binti yangu," akasema taratibu. "Mimi nilisema ni dalali wa mashamba. Bandeji ikanisaliti."

Mfanyabiashara akiona bei mbaya huondoka, akatafute kwingine. Mwenye miguu iliyovimba hawezi, na huko kutoweza kwake ndiko kulikokuwa kunauzwa pale mezani, kwa sauti laini na dua juu yake. Mama Sponji alipiga hesabu. Akilipa ishirini, atakuwa amelala juu ya pesa za dawa za mkwe wake. Asipolipa, bibi atajinyoosha wapi?

"Baba, nijibu," bibi akauliza. "Ningedanganya, ningelala kwa kumi?"

"Mama, biashara ni biashara."

"Sawa." Akachukua kadi yake, akatoka, akaketi kwenye kizingiti cha mlango wa kijani wa mbele, mgongo kwenye fremu, miguu juu ya begi.

"Mama, inuka. Daktari alisema miguu iwe juu."

"Iko juu, huioni?"

Kila mgeni aliyefika, bibi ndiye aliyemkaribisha. "Karibu, mwanangu. Ukiwa mzima ni kumi, ukiwa mgonjwa ni ishirini. Wewe uko upande gani?" Kijana mmoja na mkewe walitazamana, wakageuza. Wachuuzi wawili wa vyombo walicheka, wakavuka kwenda nyumba ya ng'ambo. Hapo mwenye nyumba akatoka, jasho linamchuruzika.

"Ingia, Mama. Kumi, kama tulivyosema."

Mama Sponji alikwishamshika bibi kwapani amwinue, lakini bibi hakuinuka. "Na yule mwenye bandeji?"

"Yule ameshalipa!"

"Mrudishie!" Sauti iliyomtoka Mama Sponji hakuijua mwenyewe. "Mrudishie kumi yake sasa hivi! Mtu anakuja anakufa, wewe unampimia ugonjwa kama nyama buchani! Mrudishie, au nami nakaa hapa mlangoni na mama yangu, tuone nani atapita!"

Noti ilitupwa kwenye mapaja ya mzee. Bibi akaingia, akajinyoosha juu ya marehemu, usingizi ukamchukua viatu vikiwa bado miguuni.

Mama Sponji hakufurahi. Alijua wiki mbili zijazo bei itakuwa ileile. Kilichomuuma zaidi ni mkono wake mwenyewe: safari tatu zilizopita, katika nyumba tatu tofauti, bibi akiwa ametangulia chumbani, ulikuwa umeandika "biashara". Alikuwa amenunua nafuu yake kwa kukaa kimya, huku wasiojua kuficha wakikamuliwa.

Asubuhi, kwenye mabenchi ya kliniki, watu kama arobaini walikaa na bahasha zao wamezificha chini ya nguo kama mali ya wizi. Mama Sponji akasimama.

"Jamani, zitoeni hizo bahasha. Tunamficha nani? Jumatatu ya kliniki ijayo tukutane stendi wote, mmoja apatane kwa niaba yetu, na nyumba yenye bei mbili tusiingie hata mmoja. Ile yenye mlango wa kijani..."

"Namba kumi na nne!" nesi aliita. Ilikuwa namba ya mama mkwe, waliyoipangia foleni tangu giza. Mama Sponji akamtazama bibi.

Bibi hakusogea. "Subiri kidogo, mwanangu," alimwambia nesi. "Huyu bado hajamaliza."