Sauti ya Mama Edson

Theonest ni Mhaya mwenye studio ya muziki Nyasubi, mjini Kahama. Kisukuma hajui, na kwa miaka yote aliyoishi huko hajaona hasara yake. Mwaka huu alimtengenezea rapa mmoja wimbo wa kujisifia dhahabu. Kwenye kaseti ya zamani alikata kipande cha sauti ya mwanamke akiimba Kisukuma, akakirudiarudia juu ya mdundo mzito. Baa zote zikakipenda. Redioni Theonest alieleza kwamba sauti ile ina hisia, na mtangazaji akakubali.

Juzi mwenye sauti akaja, bibi wa Nyahanga.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Naomba nisikie wimbo wangu.”

Akamwekea kwa fahari. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

“Unajua hapo nasema nini?”

“Hapana, mama. Nilipenda sauti tu.”

“Namwita mwanangu Edson atoke shimoni. Udongo ulimfukia akichimba. Kwenye wimbo wangu namwita mara mbili, halafu tunamzika. Wewe sehemu ya kumzika umeikata. Sasa namwita kutwa nzima, na watu wanacheza.”

Theonest akazima kompyuta, kana kwamba wimbo ulikuwa umebaki humo tu. Nje, bajaji iliyoegeshwa ilikuwa ikiupiga. Akatoka kumwomba dereva apunguze. Dereva alimtambua.

“Kaka, humu umeua,” akasema, akaongeza sauti.

Theonest alibaki akitazama tairi la bajaji, kwa sababu mlangoni bibi alikuwa amesimama.