Ukumbi Uliokwama Shambani kwa Anfinn

Dokia Romaniuk ulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe, na aliitumia hiyo hiyo kanisani, dukani na jikoni. Alizaliwa ndani ya kibanda ambacho wazazi wake walikijenga kwa kukata udongo wa nyika pamoja na majani yake, wakati Berezna haijawa kijiji, ni tangi la maji la reli tu na ubao wenye jina. Aliolewa na Metodi Romaniuk, mtu mpole aliyependa farasi, naye akafariki kwa homa ya mapafu kabla hawajajaliwa mtoto. Dokia alilia msimu mzima wa baridi. Theluji ilipoyeyuka akafunga kilemba, akaenda kupanda ngano yake.

Kilichompatia jina ni upishi. Sehemu ile ya jimbo la Saskatchewan, harusi ya Waukraine ambayo Dokia hakuipikia ilitiliwa shaka. Alikuwa akiingia jikoni kwenye ukumbi wa Berezna siku mbili kabla, akawapanga akina mama kama askari: hawa wakunje majani ya kabichi, wale wakande unga, huyu amenye viazi na asiseme neno, maana akisema anasahau kumenya.

Ukumbi wenyewe baba yake alishiriki kuujenga. Ndimo walimosali kabla hawajapata kanisa, wakapigia kura, wakaozeshana, wakaagana na maiti. Sakafu yake ilikuwa ya mbao nyembamba zilizosuguliwa na miguu ya wachezaji hadi zikang'aa kama kioo.

Kisha treni ikapunguza safari, halafu ikaacha kabisa. Duka likafungwa, na mwalimu akahamia mjini. Ikafika mahali Dokia akisimama mlangoni pake jioni aliweza kuhesabu taa zote za Berezna bila kurudia kidole.

Upande wa pili wa mashamba, kwenye barabara ya lami, kulikuwa na kijiji cha Wanorwei kiitwacho Tveit. Vijiji hivi viwili havikupatana tangu zamani, ugomvi ulianzia kwenye mchezo wa magongo ya barafu na hakuna aliyekumbuka nani alimpiga nani. Watu wa Tveit walisema wa Berezna wananuka kitunguu saumu. Watu wa Berezna walisema Mnorwei huzungumza mara mbili kwa mwaka, siku ya Krismasi na siku ya kuchinja nguruwe. Mwaka mmoja ukumbi wa Tveit uliungua moto, na kabla ya msimu wa baridi kwisha wakatuma mtu kuuliza kama Berezna ingekubali kuwapa wa kwake, uhamishwe.

Mzee Harasym Boychuk, aliyetengeneza milango ya ukumbi kwa mikono yake, alisimama mkutanoni kwa hasira.

"Heri uoze hapa hapa. Mnataka Wanorwei wacheze juu ya jasho la baba zetu?"

"Mzee Harasym," Dokia akasema, "mara ya mwisho wewe kucheza humo ni lini?"

"Mimi mgongo unaniuma."

"Basi. Wewe mgongo unakuuma, mimi sina wa kumpikia, na panya ndio wanaocheza. Tuwape. Ila tuwaambie harusi zetu zitafanyika humo kama kawaida, na jikoni naingia mimi."

Walibishana mpaka kuni za jiko zikaisha. Mwishowe wakakubali, isipokuwa Harasym, ambaye aliapa kuwa mguu wake hautakanyaga tena sakafu ile.

Aliyekuja kuuhamisha alikuwa Anfinn Skaret wa Tveit, mtu mrefu mwenye nyusi nyeupe, kapera tangu kuzaliwa kwake, na kazi yake ilikuwa kuhamisha nyumba. Aliuzunguka ukumbi akiugongagonga kama daktari anayepima kifua, huku Dokia akimfuata nyuma.

"Hautapasuka?" akamuuliza.

"Hapana."

"Una hakika?"

"Ndiyo."

"Bwana Skaret, unatozwa kodi kwa kila neno?"

Anfinn akafikiri kidogo. "Bado sijatozwa," akasema, na nyusi zake zikapanda. Dokia akajikuta anacheka peke yake njia nzima ya kurudi nyumbani.

Waliunyanyua ukumbi kwa jeki, wakaupandisha juu ya magogo mawili marefu yaliyochongwa ncha ili yateleze juu ya theluji, wakaufunga minyororo kwenye matrekta. Ilikuwa Machi, ardhi bado ngumu kama chuma. Anfinn alichagua njia ya kukatiza mashambani, akipitia shamba lake mwenyewe, kwa kuwa halikuwa na mitaro. Dokia alikataa kupanda gari la mtu. Alikaa ndani ya ukumbi na vyombo vyake, amelikumbatia kabati la sahani, na akina mama waliokuwa wakitazama dirishani kwao wakaona jengo lote likiondoka taratibu kuelekea magharibi, na Dokia akiwapungia mkono kutoka dirisha la jikoni kama malkia.

Walipofika katikati ya shamba la Anfinn upepo ukageuka. Kule upepo wa joto ukija hauchelewi. Paa la ukumbi lilianza kudondosha maji, theluji ikawa uji, na kabla ya machweo magogo yalikuwa yamezama kwenye tope. Matrekta yalinguruma, minyororo ikakatika. Ukumbi ukainamia kona moja, ukatulia.

Anfinn akaja mlangoni, tope hadi magotini.

"Umekwama," akasema.

"Hilo nimeliona. Mpaka lini?"

"Tope likauke."

"Harusi ya Slavka ni Jumamosi, bwana." Slavka alikuwa mtoto wa dada yake, na Dokia ndiye aliyemlea.

Anfinn akavua kofia, akatazama nyika tupu pande zote, akatazama dohani. "Jiko linafanya kazi?"

"Linafanya."

"Basi kuna tatizo gani?"

Jumamosi ile watu walikuja kwa miguu wakikatiza mashamba, viatu vya harusi mkononi, buti za mpira miguuni. Bibi harusi aliletwa amekaa juu ya trekta la Anfinn, gauni limekunjwa ndani ya gunia safi la ngano. Nje ya mlango buti zilijipanga kama kundi la bata. Watu wa Tveit nao walikuja, kwanza kuchungulia ukumbi wao una hali gani, halafu harufu ya vitunguu na siagi ikawashika pale mlangoni. Wanawake wao walileta chapati zao nyembamba za viazi. Dokia alionja moja, akatafuna polepole, jiko zima likimtazama.

"Zinahitaji kitu ndani," akasema, akaweka kabichi, akaikunja, akamrudishia mwenyewe aonje.

Ngoma ilipoanza ndipo kona iliyozama ilipoleta vituko. Sakafu ilikuwa imeinama, na jinsi ilivyong'aa, wachezaji wote walikuwa wakiteleza upande mmoja. Kila wimbo ulimalizikia kwenye mapaja ya mpiga kodiani. Mkulima wa Tveit aliyejulikana kwa kununa aliteleza na mama mkwe wa Slavka toka ukuta hadi ukuta, na walipofika akamwambia, "Tupande tena?" Wakapanda tena.

Adhuhuri ikawa alasiri, na mtu akaonekana anakuja mashambani polepole na mkongojo. Ni mzee Harasym. Alisimama kizingitini bila kuingia.

"Nimekuja kuangalia mlango," akasema. "Jengo likiinama mlango unakwama."

"Umekwama?" Dokia akauliza.

Akaufungua, akaufunga, akaufungua. "Haujakwama."

"Basi ingia, baridi inaingia."

Akaingia. Hakuna aliyemkumbusha kiapo chake, na kufikia jioni yule mzee wa mgongo mbovu alikuwa ameteleza mara tatu.

Tope lilikauka Mei, lakini Mei ni kupanda. Juni Anfinn akasema trekta lina kasoro. Julai akasema ngano imeota kuuzunguka ukumbi na ni dhambi kuikanyaga, akakata kijia tu cha watu kupita. Alipandisha ile kona kwa jeki, sakafu ikanyooka, vijana wakalalamika. Wakati huo watu wa pande zote mbili walikuwa wameshazoea kukutana pale, kwa maana umbali ulikuwa sawa na hakuna aliyejiona mgeni kwa mwenzake. Baada ya mavuno Dokia akaenda kumkuta Anfinn bandani.

"Hebu niambie ukweli. Trekta lina kasoro gani?"

"Halina."

"Tangu lini?"

"Tangu Juni."

"Kwa hiyo ungeweza kuuvuta wakati wote huu."

"Ndiyo." Anfinn akapangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Halafu Dokia akamsikia akisema maneno mengi kuliko aliyowahi kumsikia akisema. "Ukumbi ukienda Tveit, wewe utakuwa unakwenda Tveit. Hapa naweza kuona moshi wa jiko kutoka dirishani kwangu. Nikiuona najua upo. Nimeshazeeka, Dokia, sijui mambo haya yanasemwaje."

Dokia akasogea karibu. Akaketi juu ya gurudumu la trekta.

"Yanasemwa hivyo hivyo," akajibu, kwa sauti ambayo ng'ombe asingeisikia.

Vijiji vyote viwili vilikaa pamoja vikaamua ukumbi ubaki pale ulipo, na Anfinn akautengea kipande cha shamba. Wakauwekea msingi wa zege kabla ardhi haijaganda.

Harusi yao ilifanyika humo, wiki ile theluji ya kwanza ilipoanguka. Akina mama wa Tveit na wa Berezna walimkataza Dokia asiguse sufuria, wakamweka Harasym kwenye kiti mbele ya mlango wa jikoni awe mlinzi. Bibi harusi alivumilia hotuba mbili. Kwenye ya tatu akajinyanyua na gauni lake la samawati, akaenda moja kwa moja kwa mzee.

"Nipishe, mzee wangu."

"Nimeambiwa usipite."

"Nanusa kabichi inaungua."

Harasym akageuka kunusa, Dokia akapita. Kabichi haikuwa inaungua, lakini chumvi, akawaambia, chumvi mliisahau nyinyi nyote. Anfinn alipokuja kumtafuta akamkuta amefunga aproni juu ya gauni la harusi. Akachukua kisu, akavuta kiti, akaanza kumenya viazi bila kusema neno.